Moto ya kwanza mjini Goma: kuchagua umbo, kukagua, na kuipamba bila kuiharibu

Anayetafuta moto (pikipiki) yake ya kwanza mara nyingi ameshachagua rangi kabla ya kuchagua injini. Si kosa. Moto usiyoipenda huioshi, huiinamii kuangalia cheni, na haichukui muda inakufia mkononi. Kosa ni kusahau kwamba kila umbo la moto lilizaliwa na barabara fulani.

Kafe reza, yenye usukani wa chini na kiti cha mtu mmoja, ilitoka Uingereza miaka ya 1950 na 1960, vijana wakikimbizana juu ya lami kutoka mgahawa hadi mgahawa. Choppa, ndefu na ya kulalia nyuma, ni ya Marekani, nchi ya barabara zilizonyooka hadi macho yachoke. Yamaha AG100 ilitengenezwa kwa ajili ya wakulima na wafugaji, ndiyo maana cheni yake imefungiwa ndani ya kasha na mikono yako inakingwa na vyuma. Goma nayo ina umbo lake: chukudu. Ni ya mbao, magurudumu yamevikwa mpira wa pine (tairi) chakavu, na hakuna kipande chake ambacho fundi wa mtaani hawezi kukichonga upya. Walioichonga walianza na mawe ya volkano ya Nyiragongo, uzuri ukafuata, na leo ina sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya ronpwe (makutano ya mzunguko). Utaratibu ulio hapa chini unapita njia hiyo hiyo: barabara kwanza, kisha mwili wako, kisha umbo, na urembo baada ya moto kuwa nzima.

Hatua ya 1: Andika njia zako za wiki nzima

Chukua karatasi, andika safari zako za siku saba: kazini, sokoni, kanisani au msikitini, kwa wakwe. Kando ya kila safari andika kipande cha lami na kipande cha mawe. Anayezunguka kati ya Himbi na Katindo anaweza kukaa kwenye lami karibu muda wote. Anayeingia ndani ya Ndosho, Katoyi au Mugunga anajua kwamba lami inamwacha kwenye barabara kubwa.

Mawe yetu si changarawe ya mto. Ni lava. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilikatiza katikati ya mji hadi ziwani, na mitaa imejengwa upya juu yake. Jiwe la lava likivunjika linabaki na makali kama ya chupa. Halitoboi pine katikati kama msumari, bali linachana ubavu, mahali ambapo kiraka hakishiki. Kuanzia Juni hadi Agosti jiwe hilo hilo linasagika kuwa vumbi jeusi, na vumbi likikutana na oili kwenye cheni linafanya kazi ya msasa.

Kama zaidi ya nusu ya njia zako ni mawe, weka masharti haya kabla hujaangalia rangi yoyote: magurudumu ya inchi 17 au 18 kwa uchache, rimu za spoki, na nafasi ya sentimita 16 au zaidi kati ya tumbo la injini na ardhi.

Kisha nguvu. Goma iko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake imepungua kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na ya Mombasa au Dar es Salaam. Injini ya karbireta haina namna ya kujirekebisha: inavuta esanse (petroli) ile ile na hewa pungufu, kwa hiyo inapoteza nguvu na kutia masizi. Moto ya cc 100 inayopanda vizuri kule pwani, hapa ukiipakia abiria na gunia la makala (makaa) inakurudisha gia ya kwanza. Kwa mtu mmoja mjini, cc 100 inatosha. Kwa watu wawili kila siku, anza na cc 125. Kwa mzigo na njia ndefu, 150. Zaidi ya 200 iache kwa sasa: ni nzito kuinua ikianguka, na pyesi (vipuri) zake utazisubiri kwa majuma.

Hatua ya 2: Pima mwili wako

Panda ukiwa umevaa viatu utakavyovaa kila siku. Nyayo za mbele za miguu yote miwili lazima ziguse chini, na magoti yabaki na mkunjo kidogo. Wengi hujipima kwenye sakafu ya duka, iliyo sawa kama meza. Barabarani mguu wako utatua juu ya jiwe linaloviringika au ndani ya shimo, kwa hiyo unahitaji akiba ya sentimita tatu au nne. Moto za kazi kama Boxer na HLX zina kiti cha karibu sentimita 80. Zile za tuteren, yaani za kila njia, mara nyingi zinapita 83.

Ukiwa umekaa, isukume nyuma kwa miguu mita tatu. Shuka, isimamishe kwenye stendi ya kati peke yako. Ilaze taratibu upande mmoja mpaka uone uzito unakushinda, kisha irudishe. Kama majaribio hayo matatu yanakutoa jasho ukiwa umetulia, jioni ya mvua kwenye mteremko hutaiweza.

Hatua ya 3: Chagua umbo, na ujue bei yake

Moto ya kazi ndiyo tunayoipendekeza kwa wengi, na hatusemi hivyo kwa sababu ya ubahili. Bajaj Boxer na TVS HLX zina kiti kirefu cha bapa, mgongo wa aliyekaa unasimama wima, gidoni (usukani) pana inayokupa nguvu ya kugeuza tairi kati ya mawe, na amortisa (shokomzoba) mbili nyuma. Kila fundi anazijua. Wanaozidharau wanasema zinafanana na za wamotari (waendesha moto za abiria) wote, lakini umbo hilo rahisi ndilo linalopokea urembo vizuri kuliko yote, kwa kuwa lina nafasi na halina plastiki nyingi za kupasuka.

Tuteren ndiyo inayopendeza macho ya vijana wa hapa, na kwa mawe iko nyumbani kabisa. Tairi ya mbele ya inchi 21, kama ya Yamaha DT125, inapanda juu ya jiwe ambalo tairi ndogo inagonga. Amortisa zake zina safari ndefu. Ila DT125 na AG100 ni injini za mipigo miwili: oili yake inaungua pamoja na esanse, na tangi la oili likikauka pistoni inakwama ndani ya dakika chache. Ukizoea kutazama esanse tu, injini hiyo utaiua. Honda XL125 ni ya mipigo minne, haina hatari hiyo. Nyingi za aina hizi zinazouzwa sasa zimeshatumika miaka mingi, kwa hiyo ukaguzi wake uwe mkali zaidi.

Jihadhari pia na tuteren ya sura tu, yaani moto ya kawaida iliyovikwa madigadi ya juu na plastiki zenye ncha. Kuitambua si kazi. Bonyeza kwa kidole gumba bamba lililo chini ya injini: likibonyea ni plastiki, na jiwe la kwanza litaingia kwenye injini. Kamata breki ya mbele, sukuma gidoni chini kwa uzito wako wote. Mirija ya mbele, inayoshika gurudumu, ikishuka sentimita sita au saba na kugota, hiyo ni moto ya lami iliyovaa nguo za kazi.

Za sura ya mbio, mfano TVS Apache na Bajaj Pulsar, zina faida moja ya kweli: breki ya diski inashika vizuri kwenye mvua. Bei yake ni rimu za aloi. Rimu ya spoki ikigonga jiwe inapinda, na fundi anainyoosha kwa kukaza na kulegeza spoki. Rimu ya aloi ikigonga ukingo huo huo inaweza kupasuka, na mpasuko hauchomelewi ukaaminika. Tena kifua chako kimeinama mbele, mikono ndiyo inayobeba mwili, na baada ya nusu saa ya mashimo viganja vinakufa ganzi. Kwa anayeishi na kufanya kazi kwenye lami, ni chaguo zuri.

Za kastomu, ndefu na za chini, zina tatizo ambalo muuzaji hakuonyeshi. Sehemu za kuwekea miguu ziko mbele, kwa hiyo huwezi kusimama. Na kusimama juu ya miguu, magoti yamelegea na moto ikicheza chini yako, ndiyo namna yenyewe ya kuvuka mawe.

Skuta ina tairi za inchi 10 au 12. Shimo linalomezwa na tairi ya 17 linaimeza skuta. Kafe reza si ya kununua kwanza, nitairudia mwishoni.

Hatua ya 4: Nenda Birere, mtaa wa biashara, kabla ya kwenda kwa muuzaji wa moto

Andika pyesi sita za moto unayoifikiria: kiti ya cheni (cheni, pinyo ya mbele, kuroni ya nyuma), kebo ya klachi, viatu vya breki, segimenti (pete) za pistoni, kioo cha taa, na mkono wa klachi. Zunguka kwa wauzaji watatu wa pyesi siku moja. Kama kila mmoja ana angalau nne kati ya sita, moto hiyo itaishi. Kama unaambiwa "tutakuagizia" kila duka, jua moto yako italala ndani ya uwanja kila itakapoharibika. Jaribio hili linachukua asubuhi moja na linawaokoa watu wengi kuliko ushauri wowote kuhusu chapa.

Hapo hapo uliza bei za hizo sita, ujumlishe. Tenga kiasi hicho pamoja na bei ya kaske (helmeti) nzuri na karatasi kabla ya kusema una dola ngapi za moto. Anayemaliza pesa zote kwenye moto anapanda mwezi mzima bila kaske.

Hatua ya 5: Kukagua iliyotumika

Mwambie muuzaji asiwashe injini kabla hujafika. Ukifika, gusa injini kwa kiganja. Ikiwa na joto, kunywa chai, subiri ipoe. Injini iliyopashwa inaficha uzito wa kuwaka na moshi wa kwanza.

Anza na shasi. Simama mita tatu nyuma, piga goti, funga jicho moja: tairi ya nyuma na ya mbele zikae kwenye mstari mmoja. Kisha pitisha kidole chini ya tangi, pale mirija ya shasi inapokutana na shingo ya gidoni. Hapo ndipo mawe yanapopasua. Unatafuta ufa mwembamba wenye kutu, kulehemu kulikopigwa kwa mkono, au rangi mpya mahali pamoja tu. Ukikuta kimojawapo, ondoka. Hakuna punguzo la bei linalofidia shingo iliyopasuka.

Weka jiwe au tofali chini ya injini ili tairi ya mbele iinuke. Geuza gidoni taratibu kwa kidole kimoja kutoka kushoto hadi kulia. Ikishika katikati kama mlango wenye kitasa kibovu, beringi za shingo zimeliwa. Kamata mirija ya mbele kwa chini, vuta na sukuma: mlio wa tok-tok ni ulegevu. Tazama mirija yenyewe: ukanda wa oili na vumbi jeusi maana yake sili zimekatika. Inua nyuma, tikisa tairi upande hadi upande. Ikicheza, ni beringi za gurudumu au bushi za mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, na fundi akutajie bei kabla ya maelewano.

Piga spoki moja moja kwa spana ndogo. Zilizokazwa zinalia sauti karibu sawa, iliyolegea inatoa mlio mzito, mfu. Mbili au tatu si tatizo. Sita upande mmoja maana yake rimu imeshapinda na imefichwa.

Cheni: nenda nyuma kabisa ya kuroni, vuta pingili kwa vidole kuelekea nyuma. Kama nusu ya jino inaonekana, kiti nzima imekwisha. Meno yaliyopinda kama ndoano yanasema vivyo hivyo. Usinunue cheni mpya peke yake kuweka juu ya meno ya zamani, itakwisha mapema mno.

Usiamini saa ya kilomita. Tazama mpira wa kuwekea miguu, pedali ya breki na ncha ya mkono wa klachi. Saa inayosema kilomita 6000 na mpira uliokwisha hadi chuma hazisemi lugha moja.

Sasa washa, kwa kiki kwanza. Ikiwaka kwa stata tu na kukataa kiki, mara nyingi mgandamizo umepungua. Simama nyuma uangalie moshi wa injini ya mipigo minne. Moshi mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya dakika moja ni unyevu. Mweusi ni esanse nyingi, na kwa urefu wetu hiyo mara nyingi inaponywa na filta safi. Wa bluu ni oili. Ukitokea unapofungua gesi, segimenti zimekwisha. Ukitokea unapoiachia na kufungua tena, ni sili za vali, matengenezo yenye nafuu. Kwa mipigo miwili, moshi mwepesi ni kawaida yake.

Fungua kifuniko cha oili, sugua tone kati ya vidole. Nyeusi ni sawa, imechelewa vidanji (kubadilisha oili) tu. Yenye chembe zinazong'aa ni chuma kinacholiwa. Yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji.

Kama una kipima volti, gusa betri: karibu 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.5 na 14.5 injini ikizunguka kwa kasi ya kati. Isipopanda, haichaji.

Hatua ya 6: Ipande

Dakika kumi na tano, na zisiwe za lami tupu. Kwenye mlima weka gia ya tatu, fungua gesi kwa nguvu. Injini ikipaza sauti bila moto kuongeza mwendo, sahani za klachi zinateleza. Kwenye sehemu tambarare, salama, legeza mikono kidogo bila kuiachia gidoni: ikivuta upande mmoja, rudi kwenye shasi. Funga breki ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Pita polepole kwenye mawe ukisikiliza: mlio wa plastiki si kitu, mlio wa chuma kizito kutoka shingoni ni kitu.

Karatasi zinahitaji utulivu zaidi kuliko muda. Namba ya shasi imegongwa shingoni, ya injini ubavuni mwa injini, na zote zifanane na karti roze (kadi ya usajili) herufi kwa herufi. Moto nyingi za sasa zina namba ya shasi ya herufi na tarakimu 17, na namba ya aina hiyo haitumii kamwe herufi I, O wala Q. Ukiona O ndani ya hizo 17, namba imetengenezwa. Za Kijapani za zamani zinaweza kuwa na namba fupi, hilo si kosa. Alama za tupa au herufi zisizokaa mstari mmoja ni sababu ya kuaga. Omba pia karatasi za dwane (forodha), na hati ya mauzo yenye saini zenu, mashahidi wawili na nakala za vitambulisho.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza nyumbani

Vidanji kwanza, hata kama muuzaji ameapa kwamba ni mpya. Injini nyingi za cc 100 hadi 150 zinachukua karibu lita moja. Tafuta kwenye chupa maandishi JASO MA. Klachi ya moto inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, na oili za gari zenye dawa ya kupunguza msuguano zinaifanya iteleze. Ikiwa ni mpya ya dukani, ifanyie rodaji: kilomita 500 za kwanza usifungue gesi zaidi ya nusu au theluthi mbili, usikae mwendo mmoja muda mrefu, kisha mwaga oili na mwambie fundi apime nafasi ya vali. Baada ya hapo, kwa moto inayofanya kazi kila siku ndani ya vumbi letu, kila kilomita 1500 hadi 2000.

Upepo wa pine: karibu bar 1.75 mbele na 2 nyuma, 2.25 ukibeba abiria. Wapo wanaolegeza pine ili moto iwe laini. Pine laini juu ya lava inabanwa kati ya jiwe na rimu, chemba (mpira wa ndani) inapata matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka, na rimu inapinda.

Cheni ndiyo inayokosewa kuliko yote, na kosa ni kukaza mno. Simamisha kwenye stendi ya kati, injini imezimwa. Shika cheni ya chini katikati, ipandishe na kuishusha: safari yake iwe milimita 20 hadi 30 kwa moto ya kazi, 35 hadi 50 kwa tuteren. Zungusha gurudumu upime mahali manne, uchague palipokaza zaidi. Legeza nati ya ekseli, zungusha boliti za kurekebishia robo robo, kushoto na kulia sawasawa, ukilinganisha alama za pande mbili. Kaza ekseli, pima tena, kisha rekebisha breki ya nyuma kwa sababu umeisogeza. Mkono wa nyuma unapopanda kwenye jiwe, cheni inajivuta yenyewe. Kama haina ulegevu, nguvu yote inaingia kwenye beringi ya pinyo ndani ya injini, na hapo utafungua injini nzima kwa ajili ya kosa la spana moja. Kupaka oili pia ni kwa injini iliyozimwa, gurudumu likizungushwa kwa mkono. Cheni inayokimbia inakata vidole.

Filta ya hewa, miezi ya vumbi, kila wiki. Ya sponji ioshe kwa maji ya sabuni, si kwa esanse inayoyeyusha gundi yake. Ikikauka itie oili kidogo, ikamue. Ya karatasi ipulize kutoka ndani kwenda nje. Kama filta ni safi na buji (plagi) bado inatoka na masizi makavu meusi, fundi apunguze jigleri (tundu la kupitisha esanse) kubwa ya karbireta namba moja, kisha mwangalie tena. Ncha ikiwa kahawia kama maganda ya viazi vilivyochomwa, acha hapo. Ikiwa nyeupe, umepunguza kupita kiasi na injini itapata joto.

Hatua ya 8: Sasa ipambe

Kaske ndiyo pambo la kwanza, na itafutwe kwa mikono miwili. Ivae, funga mkanda, shika kidevu chake ukijaribu kuizungusha: mashavu yako yafuate. Ikizunguka peke yake ni kubwa. Jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka nyuma kuelekea mbele huku mkanda umefungwa. Ikitoka, iache dukani hata kama rangi yake inalingana na tangi.

Vyuma vya kukinga injini, vile vya bomba vya pembeni, vinapendeza na vina kazi. Vifungwe kwenye boliti za shasi, kamwe si kwenye boliti za kichwa cha injini, na visizidi upana wa gidoni, la sivyo utakwaruza watu sokoni. Madigadi ya mbele iwe na nafasi ya vidole viwili juu ya pine, kwa sababu tope lenye vijiwe likijaa hapo linafunga tairi.

Taa za ziada ndizo zinazochoma moto nyingi, kwa kuwa waya huunganishwa kwenye waya wa taa kubwa. Swichi ya gidoni ilitengenezwa kwa balbu ya wati 35 hivi. Ukiongeza taa mbili za LED za wati 18 kila moja umeipa mzigo mara mbili, na plastiki yake inayeyuka polepole bila wewe kujua. Fanya hivi. Chukua umeme kutoka chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 5, iliyo karibu na betri kadiri inavyowezekana. Wati 36 kwa volti 12 ni ampea 3, kwa hiyo waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Peleka kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), na swichi iamuru rilei tu. Hasi ifungwe kwenye shasi mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae. Waya upite mbali na bomba la moshi na usibanwe gidoni ikikata kona. Mwisho, washa taa zote, shika kasi ya kati, pima betri: ikikaa juu ya 13 vizuri, ikishuka chini ya 12.5 ondoa taa moja. Bluu na nyekundu usiziweke mbele, anayekuja hatajua wewe ni nani wala unaenda upande gani.

Kutoboa bomba la moshi ili iungurume kunakunyima nguvu. Kwa injini za mipigo miwili bomba ni sehemu ya injini yenyewe, ukilikata mvuto wa chini unapotea, na mlimani ndipo utakapouhitaji. Filta ya wazi ya koni, ile inayong'aa pembeni mwa karbireta, usiiweke Goma kabisa. Vumbi la lava likipita humo linasugua silinda.

Pine pana kuliko rimu pia ni mtego. Ukishaweka, zungusha gurudumu uhakikishe zimebaki milimita 5 au zaidi kati ya pine na cheni, pande zote.

Na kafe reza, kwa anayeipenda kweli: mwaka wa pili, juu ya moto ya kazi uliyoijua vizuri, na bila kukata mkia wa shasi. Kiti kifupi kinaweza kufungwa juu ya shasi nzima kwa boliti nne, na siku ukihitaji kubeba mtu unarudisha cha zamani. Ukikata mirija, mawe yatatafuta mahali ulipochomelea. Ukishusha gidoni, kebo zinabadilika njia. Washa injini, iache inguruma polepole kwenye stendi, geuza gidoni kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho. Sauti ikipanda hata kidogo, kebo ya gesi inavutwa, na moto itakukimbilia mbele katikati ya kona. Usiipeleke barabarani mpaka sauti ibaki ile ile pande zote mbili.

Stika za tangi ziwe za mwisho. Osha kwa sabuni, futa alama zote za esanse, kausha kivulini. Bandika kuanzia katikati ukisukuma hewa kwenda pembeni kwa kadi ya simu iliyofungwa kitambaa. Funika upendavyo, ila plaki (bamba la namba), vioo vya taa na namba ya shasi pale shingoni vibaki wazi.